Vijana wanamaliza sufuria, na kufuli limeshanunuliwa

Shangazi, assalamu alaykum.

Naandika kutoka Langoni, Lamu. Nyumbani tuko saba: mimi, mume wangu, mavyaa wangu, watoto wangu watatu na mtoto wa dada yangu anayesoma huku. Mkubwa wangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu. Wa pili ana miaka 15, na huyo mtoto wa dada yangu ni rika lake. Kitinda mimba ni msichana wa miaka 13. Mume wangu ni mvuvi. Mimi napika mahamri na mbaazi, nauza asubuhi hapa barazani petu.

Shangazi, tatizo langu ni chakula. Hawa vijana watatu wamebadilika, siwaelewi tena. Wakirudi shule, kabla hawajavua viatu washaingia jikoni kufunua sufuria. Kiporo cha mchana wanakimaliza wamesimama, mmoja kashika mwiko, mwingine anachota kwa kifuniko. Halafu hao, wameenda mpirani au kuruka majini pale gatini. Wakirudi baada ya Magharibi wananiuliza, "Mama, twala nini?" Usiku napika kilo moja ya mchele. Ndicho kipimo changu tangu wakiwa wadogo, na zamani wali ulikuwa ukibaki tukaupasha asubuhi. Sasa nikiweka sinia chini nikaenda kuleta jagi la maji, narudi nakuta pale katikati samaki kaisha, umebaki uti wa mgongo na wali wa pembeni. Mimi na binti yangu tunakwangua ukoko.

Kwenye mahamri ndiko kwenye balaa zaidi. Alfajiri nikiyaopoa kwenye mafuta nayatia beseni, nikigeuka yamepungua. Kuna mama mmoja huchukua ya oda kwa ajili ya hoteli yake. Alikuja akapata pungufu, akanuna, na ana haki ya kununa.

Hivi karibuni mume wangu alirudi kutoka baharini usiku, kalowa, na hakupata kitu cha maana kwa sababu ni kusi na bahari ni chafu. Akafunua sufuria, akakuta nimeshailoweka maji. Hakusema neno. Kesho yake alikuja na kufuli, akaniambia nilitie kwenye kabati la jikoni.

Mavyaa wangu anamuunga mkono. Anasema zamani sinia moja lilikaliwa na watu wanane na wote wakainuka wakisema Alhamdulillahi. Ananikumbusha hadithi ya Mtume kwamba tumbo ni theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Siku nyingine anasema vijana wana minyoo, siku nyingine anasema wameingiliwa, niwapeleke wakasomewe. Na kwa huyu msichana anasema mwanamke afundishwe kula kidogo mapema, asije akatuaibisha akiolewa.

Aibu tumeshaipata tayari. Kulikuwa na walima hapa mtaani, vijana wangu wakakaa kwenye sinia la pilau mpaka wenzao wote wakanawa na kuondoka, wao bado. Mama mmoja akaniuliza mbele za watu, "Kwani hawa wako hawapikiwi?" Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nafua sare ya binti yangu nikakuta mchele mbichi mfukoni. Nilipomuuliza akasema anapenda tu kuutafuna. Siku hizi amekuwa mchovu, na akipanda ngazi kwenda juu husimama katikati akashika ukuta.

Nifanyeje, Shangazi? Nilitie kufuli? Wana ugonjwa? Na nitagawaje chakula hicho hicho bila nyumba kuwa ya ugomvi?

Mama wa Langoni

*

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Kufuli usilitie. Nalijibu hilo kwanza kwa sababu najua liko hapo jikoni linakutazama. Mtoto mwenye njaa akifungiwa kwao, njaa haifungiki. Ataipeleka dukani kwa deni la jina la babake, ataipeleka kwa rafiki, au ataitia mkono kwenye beseni la mtu mwingine siku moja, na hapo ndipo utakapoijua aibu. Na huyo mtoto wa dada yako? Wanao wakifungiwa watanuna, watasahau. Yeye yuko kwa watu. Atalichukua kufuli kuwa limenunuliwa kwa ajili yake, na hakuna utakalomwambia likamtoka moyoni.

Sasa nikwambie kinachowala hao vijana. Mvulana hukua kwa kasi kubwa zaidi akiwa na miaka 13 mpaka 15 hivi, wengine huchelewa kidogo. Katika mwaka ule wa kasi anaweza kurefuka sentimita 9 au 10. Tazama suruali zao za shule zilivyopanda juu ya kifundo, utaona sijatia chumvi. Mfupa huo, nyama hiyo na damu hiyo havikutoka kwengine ila kwenye sufuria yako. Kijana wa miaka 15 anayecheza mpira kila jioni na kuogelea, mwili wake unataka kama kalori 3,000 kwa siku, na wa miaka 17 kama 3,200. Mavyaa wako, kwa umri wake na kazi zake za nyumbani, anatosheka na kama 1,600. Kwa hiyo kila kijana ni kama mavyaa wawili kwenye sinia. Wewe unao watatu.

Sasa twende kwenye kilo yako. Kilo moja ya mchele mkavu ina kalori kama 3,600. Igawe kwa watu saba, kila mmoja anapata 500 na kidogo. Tia tui, tia kipande cha samaki, labda ifike 700 au 800. Kijana ambaye asubuhi alikunywa chai na mahamri mawili, shuleni akala alichokipata, hiyo ni sahani ya kumfungulia njaa. Kilo ile ilikuwa sawa walipokuwa na miaka minane, na ndiyo maana ilikuwa ikibaki. Watoto uliokuwa ukiwapimia hawapo tena, mwanangu, wameondoka na umepata wengine. Hao hawana ulafi. Hapo jikoni kipimo ndicho kilichobaki nyuma.

Na usiwaambie "si jana tu mlikula mkashiba". Wenyewe tunasema, mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Hadithi ya theluthi ni ya kweli na mavyaa amekumbusha jambo jema. Lakini ipo na nyingine ambayo naipenda kwa ajili ya nyumba kama yako. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto akilelewa nyumbani kwa Mtume, na mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima, huku na huku, kama wanavyofanya hao wako. Mtume alimwambia amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Basi. Hakumwondoa kwenye sahani, hakumwita mlafi. Alimfundisha pale pale, mkono ukiwa bado kwenye chakula.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza la kubadilisha liko saa kumi alasiri, wakati wakivua viatu, wala haliko usiku. Wewe unapika sufuria kubwa ya usiku, lakini njaa yao kubwa iko alasiri, na saa hiyo hujawawekea kitu. Kwa hiyo wanakula kiporo ambacho kilikuwa na mwenyewe, wakiwa wamesimama, na usiku wanakuja bado na deni. Wawekee mlo wa saa kumi ambao ni wao, unaojulikana, wenye bakuli lake. Wakishaula huo, utaona usiku mikono yao imetulia.

Utawapa nini na pesa ni hizo hizo? Unazo mbaazi, mwanangu, unapika kila alfajiri! Ongeza vikombe viwili vya mbaazi kavu kwenye zile za biashara. Zikishaiva kwa maji na chumvi, toa fungu la nyumba kabla hujatia tui, lifunike, weka mahali pa baridi. Tui ndilo linalochachisha mbaazi katika joto letu. Zisizotiwa tui, ukizichemsha tena mchana kabla hujatoka jikoni, zitafika alasiri salama. Saa kumi kijana anazipasha, anatia kitunguu, nyanya na tui la pili, anakula na muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu. Muhogo peke yake usiwape ukadhani wamekula. Utajaza tumbo saa moja kisha warudi, kwa sababu karibu hauna protini kabisa. Pamoja na mbaazi unakuwa chakula.

Siku ambayo muhogo haukuvuka kutoka bara, pika uji wa mtama au wimbi, mzito, utie simsim au njugu karanga zilizotwangwa na ndimu kidogo. Kikombe kikubwa kikubwa kila mmoja. Uji wa namna hiyo humshika mtoto mpaka Isha.

Usiku sasa. Kusi hii samaki ni wachache na bei imepaa, na hata mume wako akitoka, bahari ndiyo inayoamua. Nyumba nyingi za Lamu zinafanya kosa moja, kukata kipande cha samaki kuwa kidogo na kidogo zaidi na kuacha kila kitu kingine kilivyo. Wewe fanya hivi: siku mbili tatu kwa wiki samaki asiwe ndiye kitoweo. Pika pojo za tui, au kunde, au maharagwe. Kilo ya pojo kavu ina protini kama gramu 240. Kilo ya mnofu wa samaki ina kama gramu 200, na ujue nimesema mnofu. Samaki mzima wa kilo moja ukitoa kichwa, mifupa na matumbo, unabaki na kama nusu yake. Halafu pojo zikiloweka na kuiva huzidi zaidi ya maradufu, na wali na pojo zikikutana kila mmoja unaziba upungufu wa mwenzake, ndiyo maana wazee wetu walivipika pamoja. Mume wako akiuliza samaki yuko wapi, mwambie yuko Jumamosi, na siku hiyo atakuwa kipande cha haja.

Mchele wako uongeze ufike kilo na robo, au baadhi ya siku pika sima badala ya wali, unga ni nafuu zaidi. Na kaskazi ikirudi, bahari ikatulia na samaki wakawa wengi sokoni, nunua wa kutengeneza ng'onda. Mpasue, mtie chumvi, mwanike juu darini chini ya wavu. Ukija kusi mwengine utakuwa na akiba ya mchuzi. Mlowekeshe kwanza chumvi itoke. Dagaa pia usiwadharau. Wanaliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo inayojenga mifupa ya hawa wanaokua.

Namna ya kupakua. Sinia ni jambo zuri na sitaki uliache, lakini sinia lenye kitoweo katikati lina kasoro moja: linampa mwenye mkono mwepesi. Mtoto anayekula polepole, au anayeona haya, au aliyeambiwa mwanamke ale kidogo, huyo hupata pembeni. Kwa hiyo kabla chochote hakijatoka jikoni, toa fungu la mume wako. Liwe kwenye bakuli lake, wali, kitoweo na ndimu yake, lifunike kwa kawa, liweke juu. Arudi saa nne au alfajiri, alikute. Nakuhakikishia kile alichokiona kwenye sufuria ile usiku ule hakikuwa njaa tu. Aliona kwamba nyumba imekula ikamsahau, naye yuko kwenye mawimbi kwa ajili yake. Kufuli limetoka hapo.

Kisha weka masinia mawili. Moja la vijana watatu, la pili lako wewe, binti yako na mavyaa. La vijana liwe na wali mwingi zaidi, hilo ni haki yao, usione haya. Samaki usimweke katikati. Mkate vipande mwenyewe, kila mtu awekewe chake mbele yake kabla ya Bismillahi. Anayetaka kuongeza aongeze mpaka aseme basi, lakini cha kuongeza ni wali na pojo. Samaki ni kipande kimoja, kwa mkubwa na mdogo. Sheria hiyo waambie mara moja, mchana, mkiwa mmetulia, usiwaambie mikono ikiwa tayari kwenye sinia.

Na wewe, mwanangu, acha ukoko. Unaamka alfajiri unasimama mbele ya mafuta ya moto, unauza, unafua, unapika tena. Mama anayekula mabaki anamfundisha binti yake kwamba zamu yake nayo itafika. Toa fungu lako na la binti yako wakati ule ule unapotoa la mume wako, yote matatu yawe yamepakuliwa kabla ya sinia la vijana.

Nakuja kwa binti, na hapa nataka unisikilize kuliko pote. Umeliweka mwisho kwenye barua, mimi ndilo lililonishtua. Vijana wana njaa na wanapiga kelele, kwa hiyo nyumba nzima inawazungumzia. Yeye anaishiwa na hasemi. Kutafuna mchele mbichi, uchovu, kusimama katikati ya ngazi: hizo zote zaweza kuwa alama za upungufu wa damu kwa ukosefu wa madini ya chuma. Mtoto anayetamani vitu visivyolika, mchele mbichi, udongo, barafu, mara nyingi mwili wake unakosa chuma. Msichana wa umri huo naye yumo kwenye kukua, tena wasichana huanza mapema kuliko wavulana, na kama ameshavunja ungo anapoteza damu kila mwezi. Msichana akifika miaka 14 hadi 18, na wako hayuko mbali, anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, mvulana wa umri huo 11. Umeona? Anakula kidogo kuliko kakake, na mahitaji yake kwa hili yanaelekea kuwa makubwa kuliko ya kakake.

Mpeleke hospitali apimwe damu. Hapo mjini mna King Fahd, usingoje mwisho wa mwezi. Usimnunulie vidonge vya chuma dukani kwa kukisia, kwa sababu daktari lazima ajue damu imeshuka kiasi gani na kwa nini. Ulizia dawa ya minyoo siku hiyo hiyo kwa watoto wote wanne, na hapo mavyaa atakuwa amepata neno lake: safura, minyoo wa kunyonya damu, kweli humwishia mtoto damu. Ila minyoo hairefushi suruali za watu.

Wakati mnangoja majibu, mpe chakula cha damu. Maini ukiyapata, dagaa, pojo, majani ya kunde, mchicha. Mboga hizo zikamulie ndimu, au ale embe au chungwa baadaye, kwa sababu ukali ule husaidia mwili kuchukua chuma iliyomo kwenye mboga na nafaka. Chai iondoe kwenye chakula. Najua kwetu mahamri bila chai ni kama harusi bila ngoma, lakini chai huzuia chuma isiingie mwilini, hasa ile ya mboga na kunde. Ainywe saa moja baada ya kula, au saa moja kabla.

Umeuliza kama vijana wana ugonjwa. Kwa ulivyoeleza, wanakula, wanarefuka, wanacheza, hapana. Ungeniambia mmoja anakula sana na huku anakonda, ana kiu isiyoisha, anaamka usiku kwenda kukojoa mara kwa mara, ningekwambia mkimbize hospitali leo, hiyo yaweza kuwa sukari. Ukiziona dalili hizo wakati wowote, usisubiri barua yangu. Kuhusu kusomewa, kisomo hakimdhuru mtoto, asomewe. Kisomo kisicheleweshe kipimo tu.

Ya arusini yaache. Siku ya walima wape uji saa kumi kabla hawajatoka, na huyo mama aliyekuuliza mbele za watu, alikosa adabu yeye.

Mahamri ni biashara, na biashara ina heshima yake. Hesabu ya oda kwanza, itie kwenye beseni lenye kifuniko, itoke mlangoni. Ya nyumba yawe na bakuli lake, matatu matatu kwa kila kijana, hayo wale wakiwa njiani wakipenda. Lakini asile bure. Kijana wa miaka 17 ana mikono ya kukuna nazi kwenye mbuzi, ya kukanda unga usiku, ya kusukuma. Wakikanda wenyewe watajua hamri moja limetoka wapi, na wewe utapata usingizi kidogo. Mlo wa saa kumi nao wajipikie, zamu kwa zamu, na sufuria waoshe. Akitokea mtu kusema jikoni si pa wanaume, muulize mume wako mashuani nani huwapikia. Vyombo vyetu vimesafiri mpaka Arabuni na Bara Hindi kwa misimu mingi, na waliokuwa wakisonga sima humo walikuwa na ndevu.

Amebaki mavyaa, na huyu nimemweka peke yake kwa makusudi. Usiende naye kwa kubishana juu ya kalori, hamtafika. Ametoka kwenye nyumba ambazo yeye ndiye aliyekuwa akipakua, leo amekaa pembeni anaona chakula kinavamiwa, na anasema anayosema. Mchukue mwende naye hospitali na mjukuu wake. Mwambie unamhitaji, kwa sababu wewe utakuwa na wasiwasi hutasikia vizuri. Akae pale kwenye kiti, ayasikie majibu ya damu kwa masikio yake, aambiwe na daktari kile mtoto anachotakiwa kula. Yale ya mwanamke kula kidogo hutahitaji kuyajibu wewe.

Mkirudi mpe upawa. Nasema kweli, mpe yeye kazi ya kupakua. Mkae naye kwanza mkubaliane mpango: fungu la mwanawe baharini, fungu la msichana lenye mboga na ndimu, fungu lako, kipande kimoja kila mtu, na wali usiohesabiwa kwa wanaokua. Hakuna kijana wa Langoni atakayenyoosha mkono kunyakua mbele ya bibi yake mwenye upawa mkononi. Anzeni Ijumaa mchana, mkiwa wote nyumbani na mume wako yupo, aone fungu lake likitolewa la kwanza.